Kila Mtu Ana Nchi, Usopp Kaachiwa Bara

Wapo wanaolalamikia bei ya sukari, na wapo wanaolalamikia foleni. La kwangu ni jingine. Nyumbani kwangu siku hizi humalizi matonge mawili bila kuulizwa uko upande wa nani, Zoro au Sanji. Ukijibu kwamba uko upande wa mchicha, unatazamwa kama mtu asiye na msimamo, na ubishi unaendelea juu ya kichwa chako mpaka ugali unapoa.

Wenye bahati ambao hawajaingiliwa na habari hii niwaeleze kwa kifupi, ingawa ufupi ndicho kitu ambacho One Piece haijawahi kukijua. Ni hadithi ya maharamia. Mjapani Eiichiro Oda alianza kuichora kwenye jarida la Weekly Shonen Jump mwezi Julai 1997, akidhani ingemchukua kama miaka mitano hivi. Oktoba 1999 studio ya Toei Animation ikaigeuza anime ya televisheni, na episodi zimeshapita 1,100. Kijana Luffy, mwenye mwili wa mpira na kofia ya majani, alitoka kwao kwenda kutafuta hazina ili awe mfalme wa maharamia. Wanangu wamezaliwa, wameota meno, meno yametoka na mengine yameota, yeye bado yuko njiani. Anayempa sauti huyo kijana tangu 1999 ni mwanamama, Mayumi Tanaka, aliyezaliwa 1955. Nikikutana na Luffy barabarani, wa kutoa shikamoo ni mimi.

Mambo haya sikuyatafuta. Televisheni ni moja, sebule ni moja, na mimi ndiye ninayelipa umeme.

Katuni yenyewe haina ugomvi na mimi (ukisema katuni mbele ya mpwa wangu unasahihishwa hapo hapo: "Ni anime, mjomba"). Kinachonichosha ni ubishi wake, maana umetoka sebuleni ukaenda mpaka kwa kinyozi. Juzi nimekaa kwenye kiti, nimefungwa kitambaa shingoni, fundi kawasha mashine, kaanza upande wa kulia. Alipofika utosini akaingia kijana mmoja, hata salamu hakuimaliza, akatangaza kwamba Sanji anamfikia Zoro. Fundi akazima mashine na kuiweka mezani.

Kesi ilisimama juu ya bei. Katika hadithi hii Serikali ya Dunia huweka bei kwenye kichwa cha kila haramia, kwa fedha iitwayo berry, na mashabiki wanazisoma bei hizo kwa umakini ambao walimu wao wa Hisabati hawakuwahi kuuona. Zoro, yule wa panga tatu, anatafutwa kwa berry 1,111,000,000. Sanji, mpishi wa meli, kwa 1,032,000,000. Tofauti ni milioni 79. Fundi anasema hiyo tofauti ni ukuta. Kijana anasema ni vumbi, tena akamkumbusha fundi kwamba baada ya mambo ya Whole Cake, Sanji alikuwa na milioni 330 na Zoro 320, "ulikuwa wapi siku ile?" Fundi akasema bei ile ililetwa na jina la ukoo, Sanji katokea kwenye familia ya kifalme, pale hapakuwa na nguvu, palikuwa na jina. Mteja aliyekuwa anasubiri zamu akadakia kwamba bei si kipimo cha nguvu hata kidogo, ni kipimo cha usumbufu kwa serikali, na shahidi wake ni Chopper. Daktari mzima wa meli, anayeweza kugeuka zimwi likavunja nyumba, bei yake ilianza na berry 50. Si milioni hamsini. Hamsini. Ikapanda ikawa mia, sasa ni elfu moja, kwa sababu serikali inadhani ni mnyama wa kufugwa.

Hoja hiyo niliiona nzito na nikatamani kuchangia, lakini mtu aliyenyolewa nusu kichwa hasikilizwi kwenye kikao chochote. Nikauliza tu kwa upole, "Fundi, na huku kushoto?"

"Dakika moja, mzee wangu."

Dakika yenyewe ilikuwa ya Dressrosa. Dressrosa ni kisiwa ambacho mkasa wake wa takribani siku moja ulichukua episodi 118, kuanzia Januari 2014 hadi Juni 2016. Watu wanakimbia. Unaoneshwa wanaokimbia, kisha wanaowatazama wanaokimbia, kisha adui anacheka, kisha unakumbushwa kwamba watu walikuwa wanakimbia, wimbo unapigwa, tuonane wiki ijayo. Sababu kila shabiki anaijua: anime ilikuwa inarushwa kila wiki, manga inachorwa sura moja moja, na studio ikikimbia itampita mchoraji. Basi inavuta. Wanaijua sababu, wanaichukia, na wametazama zote 118.

Kuhusu hao mahasimu wawili, ningeulizwa mapema ningeimaliza kesi. Sanji akiwa mtoto alikwama na mzee Zeff juu ya jabali katikati ya bahari kwa siku 85. Mzee akampa mtoto chakula chote, yeye akala mguu wake mwenyewe. (Kwenye anime waliona aibu kuonesha, wakaupotezea mguu njia nyingine.) Tangu hapo Sanji hamnyimi chakula mwenye njaa, awe rafiki au adui. Zoro kwa upande wake ni jemadari kweli kweli, upanga mmoja mkononi, wa pili mkono wa pili, wa tatu kaung'ata na bado anaongea kwa ufasaha, jambo ambalo mpwa wangu amenieleza mara nyingi na sijaelewa hata mara moja. Lakini mwelekeze dukani, barabara imenyooka, atatokea wilaya nyingine. Sasa safari ni ndefu na ni ya baharini. Utamchukua nani?

"Mjomba, hilo si swali la nguvu."

Najua. Ni swali la chakula cha mchana.

Binti yangu naye ana kesi yake na Sanji. Huyu bwana hampigi mwanamke hata kwa kufa, na kule Enies Lobby alikubali kuangushwa na Kalifa kuliko kuinua mguu. Mpwa anaita uungwana. Binti anasema uungwana gani, wakati Nami ndiye aliyelazimika kuja kumpiga Kalifa na kumaliza kazi ambayo mwenzake ameilalia? Mama watoto, ambaye hajatazama hata episodi moja, alisema kutoka jikoni kwamba yeye anamjua mwanamume wa namna hiyo. Sikuuliza ni nani.

Luffy mwenyewe hajadiliwi sana, isipokuwa kwa tunda lake. Kwa karibu miaka 25 tuliambiwa alikula tunda la mpira, la kawaida tu, na ushindi wake wote ni jasho. Mwaka 2022 manga ikafichua kwamba halikuwa la mpira: ni tunda la mungu wa jua aitwaye Nika, na serikali ililibadilisha jina makusudi. Sawa na kijana mliyemshangilia mtaani kwa kupata kazi kwa vyeti vyake, halafu ikajulikana mkurugenzi ni mjomba wake. Mpwa wangu ametoa hotuba ndefu kuonesha kwamba dalili zilikuwepo tangu zamani. Kwenye mambo ya mjomba, dalili huwa hazikosekani.

Halafu kuna vita ya wasomaji na watazamaji. Anayesoma manga yuko mbele, anajua nani anakufa. Anayetazama anime yuko nyuma, anaishi kwa matumaini. Mpwa ni msomaji. Binti alianza kutazama kutoka episodi ya kwanza kabisa. Kwa hiyo zamu ya mpwa ya kuosha vyombo ilipofika, alikuwa anasogea taratibu na kusema, "Unajua kuhusu Ace..." na binti anainuka kwenda kwenye beseni. Hali hiyo ilidumu mpaka binti alipofika Marineford mwenyewe na kuona Ace, kaka yake Luffy, anakata roho mikononi mwa mdogo wake. (Kama hujafika hapo, samahani, lakini kwenye manga ni msiba wa mwaka 2010.) Tangu siku hiyo tishio likaisha thamani, na mpwa yuko kwenye masufuria akitafuta kifo kingine.

Ila kifo kilichotuletea balaa nyumbani kilikuwa cha meli.

Going Merry ni meli ndogo yenye kichwa cha kondoo mbele. Luffy na kundi lake walipewa na Kaya, rafiki wa mwenzao Usopp, huko kijijini kwa Usopp. Walipofika Water 7, mji wa mafundi wa meli, wakaambiwa mkuku umevunjika na hautengenezeki. Luffy akaamua wanunue nyingine. Usopp, ambaye tangu mwanzo ndiye aliyekuwa anaipiga viraka, tena ufundi wenyewe wa kubahatisha, akakataa. Akajitoa kundini, akamwita nahodha wake wapigane, akapigwa. Baadaye wenzake walipozingirwa Enies Lobby, meli ile iliyokataliwa ikaja yenyewe, haina mtu ndani, ikawaokoa. Kisha ikakatika. Luffy akaitia moto kwa mkono wake, theluji ikaanza kuanguka, na meli ikawaomba radhi kwamba ilitamani kuwafikisha mbele zaidi.

Binti akaangua kilio. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Nungwi na alikuwa kwetu kwa matibabu ya magoti, akatoka chumbani na tasbihi mkononi.

"Kuna nini?"

"Bibi... meli imeungua."

Kwa mtu wa visiwani hilo si neno la kuchezea. Kabla sijavaa ndala alikwishampigia mdogo wake Mkokotoni, na Mkokotoni walikwishapiga Pemba. Nilipomaliza kueleza kwamba meli ni ya kuchorwa, nyumba tatu zilikuwa ziko macho, na Pemba walitaka kujua kama abiria wote wameokoka.

Mama mkwe hakurudi kulala. Baba yake alikuwa fundi wa majahazi, na aliposikia neno mkuku alivuta kiti.

"Nani aliyeukagua?"

Mpwa akasema ni Kaku.

"Fundi?"

Fundi, ndiyo, lakini baadaye iligundulika ni jasusi wa serikali.

"Basi maneno yake hayafai. Uangaliwe upya."

Mpwa akasema Franky naye aliona hivyo hivyo. Franky ni nani? Ni fundi, lakini genge lake lilimwibia Usopp berry milioni 200 za kutengenezea meli. Mama mkwe akauliza hawa mafundi ni wa wapi. Akaambiwa kwamba Franky fedha zile alinunulia mbao za mti adimu, na kwa mbao hizo ndiyo wakaja kujengewa meli mpya. Akafikiri kidogo.

"Huyo afadhali. Alinunua mbao."

Nimekaa na mashabiki wengi, bila kupenda, na sijasikia mjadala wa maana kuliko ule. Hapakuwa na milioni 79 wala nani anampiga nani. Kulikuwa na swali moja: chombo kikifika mwisho, aliyekipenda afanye nini? Usopp alifanya makosa, hilo silikatai. Zoro alisema wakimrudisha kundini bila kuomba radhi, basi yeye ndiye atakayeondoka, na kwa hilo mimi na Zoro tuko kitu kimoja, ingawa kijana wa kwa kinyozi anaita ukatili. Radhi yenyewe ikaja kwa kupigiwa kelele kutoka ufukweni, machozi na kamasi, huku mzee Garp wa jeshi la wanamaji akiwarushia wenzake mizinga kwa mkono, ndipo Luffy akaurefusha mkono wake wa mpira na kumchukua.

Lakini nenda kwa kinyozi uulize nani anamshabikia Usopp. Kimya. Watu wazima wenye madeni wanajiona ni Zoro. Kwenye kundi la watu kumi, Usopp ndiye anayeishi kama sisi. Akiona zimwi anakimbia. Akiona kisiwa hakieleweki anatangaza kwamba ana ugonjwa wa kutoweza kukanyaga kisiwa hicho. Ugonjwa huo ninao, hunipata nikialikwa vikao vya harusi, na dalili zake huanzia kwenye goti. Akikwama anadanganya, na uongo wake una tabia ya kutimia: alimsimulia Kaya habari za samaki mkubwa kupita kiasi, na kweli walipoondoka Little Garden samaki huyo akafungua mdomo mbele yao. Pale Dressrosa aligeuza mambo kwa sura yake tu: alilishwa kitu kikali, uso wake ukaharibika vibaya, na Sugar, adui aliyekuwa amegeuza watu kuwa midoli, akazimia kwa hofu. Episodi 118, na mimi niliyoipenda ni ile ya mtu anayewashwa na pilipili.

Sasa sikilizeni dharau aliyofanyiwa. Oda ana ukurasa wa maswali ya wasomaji ndani ya vitabu vya manga, na kwenye kitabu cha 56 aliulizwa: hawa watu wangekuwa wa dunia yetu, wangetoka nchi gani? Luffy, Brazil. Zoro, Japani. Nami, Uswidi. Sanji, Ufaransa. Robin, Urusi. Franky, Marekani. Chopper, ambaye ni kulungu wa nchi za theluji, kapewa Kanada. Brook, ambaye ni mifupa mitupu iliyovaa suti, kapewa Austria. Usopp? Afrika.

Mnyama ana nchi. Marehemu ana nchi. Usopp kaachiwa kilomita za mraba milioni 30 ajitafutie mwenyewe.

Niliposema hilo mezani nikidhani tutaungana kuudhika, ubishi ukahama tu. Shemeji yetu wa Nairobi akatuma ujumbe wa sauti: huyo ni Mtanzania, hana ubishi, kabla ya kupigana anaongea nusu saa. Mpwa akamjibu kwamba ni Mkenya, maana kila akifika mahali anajitambulisha kama kapteni mwenye wafuasi 8,000. Binti akasema ni wa Madagaska, kwa sababu vijana wa huko walipoandamana mwaka 2025 walibeba bendera ya Luffy na fuvu lake wakalivisha kofia ya kwao. Nikaongeza kwamba hata Netflix walipotengeneza ile ya waigizaji, iliyotoka tarehe 31 Agosti 2023, waliipiga Cape Town, kwa hiyo ndani ya meli nzima mwenyeji alikuwa Usopp na wengine wote walikuwa wageni wake. Hoja hiyo hakuna aliyeijibu. Nilidhani wameishiwa, kumbe walikuwa wanatafuta kwenye simu bango la Usopp lenye bei yake wamwoneshe bibi.

Mama mkwe akavaa miwani.

"Mwoga?"

Mwoga.

"Ana maneno?"

Mengi.

"Anakililia chombo, na akikosa anaomba radhi. Huyo wa Nungwi." Kisha akaanza kuhesabu sifuri kwenye bango kwa ncha ya kidole. Zilikuwa nane, na tano mbele yake. "Milioni mia tano. Kaoa?"

Binti akasema hajaoa, ila kuna Kaya kule kijijini.

"Kaya ndiye nani?"

"Yule aliyewapa meli, bibi."

Mama mkwe akavua miwani. "Mwanamke ndiye katoa meli, na meli wameitia moto?" Akatutazama mmoja mmoja. "Sasa mnashangaa nini miaka yote hiyo yuko baharini harudi kwao?"